Upepo wa Seattle na jiko la mkaa

Ndugu mkazi wa kambi, utauliza upepo wa Marekani unakuhusu nini. Usiku wa tarehe 14 Desemba 2006 upepo mkali uliangusha miti na nyaya za umeme eneo la Seattle. Nyumba na maduka zaidi ya milioni moja yakabaki gizani, mengine kwa siku kadhaa, na baridi ilikuwa kali. Watu wakaingiza majiko ya mkaa ndani. Wengi walioumwa kwa ajili ya mkaa walikuwa wahamiaji, Wasomali wakiwemo. Katika mji mdogo wa Burien, watu wa nyumba moja walikufa kwa moshi wa jenereta. Gazeti la The Seattle Times likachapa onyo ukurasa wa kwanza kwa lugha kadhaa, hata Kisomali.

Muuaji ni hewa ya kaboni monoksaidi. Haionekani, haina harufu. Mkaa uliokolea, usiotoa moshi, ndio unaodanganya watu.

Je, wajua? Zamani wachimba makaa wa Uingereza walishuka mgodini na ndege mdogo, kanari. Akizimia yeye, wao wanakimbia. Mwaka 1986 kazi yake ilianza kupewa mashine. (Kiinua mgongo hatukusikia!)

Wewe huna kanari. Usilale na jiko ndani ya nyumba wala hema, hata mvua ikinyesha. Mkiumwa kichwa wote kwa pamoja, na kizunguzungu na kichefuchefu, msiseme ni malaria tu. Tokeni nje kwanza, kisha nendeni zahanati, na mwambieni mganga kwamba jiko lilikuwa ndani.