Mwongozo wa programu: Tovuti huanza kwa amri moja

MALI bila daftari hupotea bila habari. Msemo huu waujua vyema wafanyabiashara wa Mji wa Kale, Mombasa, na unawahusu pia vijana wanaounda programu za kompyuta.

Nyaya za intaneti za SEACOM na TEAMS zilipofika Mombasa kupitia baharini mwaka wa 2009, kazi hiyo ilipata msukumo mpya. Mwaka wa 2016 Swahilipot Hub ilianzishwa kisiwani humo, vijana wakapata pa kukuzia vipaji vya teknolojia na sanaa.

Hata hivyo, programu isiyo na maelezo huelekea kufa pindi aliyeiunda anapohama. Mwenye duka aliyeinunua ili ahesabu bidhaa zake hubaki akimtafuta fundi kwa simu kila inapokwama. Dawa ni tovuti ya mwongozo.

MkDocs, iliyoanzishwa na Tom Christie mwaka wa 2014, ni mojawapo ya zana za bure za kuunda tovuti ya aina hiyo. Haina vitufe vya kubofya. Mtumiaji huandika amri katika dirisha la maandishi.

Kompyuta ikishawekwa Python, amri ya "pip install mkdocs" huleta zana yenyewe. "mkdocs new mwongozo" huunda folda iitwayo mwongozo, yenye faili ya mipangilio, mkdocs.yml, na folda ya docs iliyo na ukurasa wa kwanza.

Fundi huingia humo kwa "cd mwongozo", kisha "mkdocs serve" humwonyesha tovuti katika kompyuta yake kwa anwani ya 127.0.0.1:8000, kabla ya umma kuiona. Akiridhika, "mkdocs build" hukusanya kurasa zote katika folda ya site, tayari kupelekwa mtandaoni.

Kurasa hizo hazihitaji hifadhidata. Fundi akiongeza "use_directory_urls: false" katika mipangilio, mwenye duka anaweza kuzisoma kutoka kwenye flashi hata intaneti inapokatika.

Amri zote hizo ni kazi ya dakika chache. Kazi yenyewe ni kuandika, kwa Kiswahili anachokielewa mwenye duka, jinsi ya kuingiza bidhaa, kurekebisha kosa na kuhifadhi nakala. Hayo hakuna amri iwezayo kumwandikia fundi, na ndiyo yatakayobaki dukani atakapoondoka.