Kwa Leving, Kwa Komba

Orodha ya wanachama wa kahawa ikisomwa Mkumbi, huko milimani Mbinga, jina la mwisho halikusaidii kumpata mtu. Kina Ndunguru wanajaza ukurasa. Kina Kapinga, Komba, Hyera na Nchimbi wanafuata kwa makundi, na karani asipotaja jina la baba au la kitongoji, fedha za mmoja zinaweza kumfikia mwingine. Mtu wa Pwani akisikia hayo hushangaa. Kwao, Juma bin Ali bin Hamisi anaishia kwa babu, na mwanawe ataishia kwa babu mwingine. Huku kwetu jina la mwisho halisogei: alilokuwa nalo babu wa babu ndilo analopewa mtoto wa leo.

Kwa hiyo nadhani Mmatengo, mwenyeji wa milima hii, akifika Uskoti atawaelewa wenyeji upesi kuliko Mtanzania aliyezoea majina ya baba na babu. Waskoti nao wana ukoo, wana jina la ukoo, na wana ubishi usiokwisha juu ya nani kweli ni wa ukoo upi. Na lipo jina lao moja ambalo hatuna haja ya kupanda ndege kulifuata. Ukielekea kaskazini kutoka wilaya ya Nyasa hadi Ludewa, safu inayosimama juu ya Ziwa Nyasa inaitwa Milima ya Livingstone.

Aliyesoma Kiingereza kidogo hulifasiri jina hilo papo hapo: jiwe lililo hai. Nimeisikia tafsiri hiyo hata kanisani, ikipewa uzito wa mahubiri. Ni tamu, lakini si kweli. Ndani ya jina hilo hakuna jiwe wala uhai. Magharibi ya Edinburgh kulikuwa na kijiji ambacho katika hati za karne ya 12 kinahusishwa na bwana mmoja aitwaye Leving, jina lenye mzizi wa neno la kale lililomaanisha mpendwa. Sehemu ya pili ni neno la zamani la Kiingereza, *tun*, yaani ua au makazi ya shambani. Livingston basi ni pale kwa Leving, kama wakazi wa Dar es Salaam wanavyosema Kwa Mtogole au Kwa Azizi Ali. Waliotoka mahali hapo wakaitwa kwa jina la mahali, na wajukuu wao wakabaki nalo hata walipohamia mbali.

Mtu angedhani mambo yameishia hapo. Kumbe David Livingstone, yule aliyeliona Ziwa Nyasa mwezi Septemba 1859, hakutoka kwa Leving. Babu yake alikuwa mkulima katika kisiwa kidogo cha Ulva, upande wa magharibi wa Uskoti ambako watu walizungumza Kigaeli, na alihamia Blantyre kufuata kazi ya viwanda vya pamba mwaka 1792. David alizaliwa huko mwaka 1813, na akiwa na miaka kumi tayari alikuwa kiwandani. Livingstone wa upande huo wa magharibi, wa Lismore na Appin, zamani walijiita MacLeay. Jina la kina Leving walilivaa baadaye, kama familia nyingi za Kigaeli zilivyochukua majina yaliyokuwa mepesi kwa makarani na wenye ardhi waliosema Kiingereza. Hata tahajia ilikuwa inayumba. Baba yake David alilifupisha jina kwa kuondoa herufi ya mwisho, na David mwenyewe alitia saini Livingston kwa miaka mingi kabla ya kuirudisha ile *e*.

*Mac* kwa Kigaeli ni mwana wa, sawasawa na bin. Binti huwa *Nic*. Mwanzoni jina hilo lilibadilika kila kizazi, kama bado linavyofanya Pwani yetu, kisha likaganda likawa la ukoo mzima. Waskoti walilichukulia kwa uzito kiasi kwamba mwaka 1603 serikali ilipotaka kuufuta ukoo wa MacGregor haikuishia kuwawinda watu tu. Ililipiga marufuku jina lenyewe, na adhabu ya kulishikilia ilikuwa kifo. Marufuku hiyo iliwahi kulegezwa, ikarudishwa, na haikuondolewa kabisa hadi 1774.

MacLeay inafasiriwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni mwana wa tabibu, ambayo ingempendeza David, kwa kuwa alifuzu utabibu mwaka 1840. Ya pili inasema ni mwana wa Donn Sléibhe, jina la mtu lililojengwa na maneno mawili: kahawia, na mlima. Mimi naegemea hiyo ya pili, kwa sababu inafuata vizuri zaidi umbo la zamani la jina. Nakiri pia kwamba inanifurahisha. Familia iliyoacha jina lenye mlima ndani yake ikachukua jina la shamba la mtu mwingine, na jina hilo la shamba sasa limeubeba mlima mzima juu ya ziwa letu.

Hapa Ruvuma mambo yalikwenda kinyume. Wangoni waliovuka Zambezi mwaka 1835, siku jua lilipopatwa, walifika Songea wakiwa jeshi lililokwisha kukusanya watu wa lugha nyingi njiani. Walipotawala, wengi waliowakuta wakaanza kuitwa Wangoni, wakaishi Kingoni na kupigana Kingoni. Majina yao ya ukoo hawakuyaacha. Gama wa ufalme wa Njelu, Tawete wa Mshope, na Mbano, ukoo wa nduna Songea aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1906, ni majina yaliyokuja na msafara kutoka kusini. Ngonyani, Mapunda na Komba yalikuwapo kabla yao. Mtu anaweza kukuambia yeye ni Mngoni, na akasema kweli, lakini jina lake la mwisho likasimulia habari ya zamani zaidi. MacLeay akijiita Livingstone nyayo zake zinafutika. Komba akijiita Mngoni bado ni Komba.

Ni kweli kwamba mtego wa maana upo huku pia. Nyoni kwa lugha za kusini ni ndege. Komba kila mtoto anamjua, yule mnyama wa usiku mwenye macho makubwa. Igama kwa Kizulu ni jina, na kuna watu wanaotaka kuamini kwamba Gama ni ukoo ulioitwa Jina. Kufanana kwa sauti ni mwanzo wa swali tu, kama jiwe la Livingstone linavyotuonya.

Waskoti wenzake David nao waliacha majina, mengine pasipotarajiwa. John Kirk, aliyekuwa naye walipoliona ziwa na baadaye akawa balozi Zanzibar, alibeba jina ambalo kwa Kiskoti ni kanisa tu. Joseph Thomson, mwana wa Thomas kwa tafsiri, alipita kaskazini ya Nyasa mwaka 1879, na leo yumo Serengeti: ndiye swala tomi. Swala granti ni Grant, Mskoti mwingine. Sisi tuna koo zenye majina ya wanyama, wao wametuachia wanyama wenye majina ya koo.

Livingstone lenyewe lilipofika kwetu lilibadili kiti. Kule ni jina la mwisho. Hapa limekuwa la kwanza, la ubatizo. Mbunge wa zamani wa Mtera, Livingstone Lusinde, ni mfano unaojulikana nchi nzima. Mkumbi kijana akipewa jina hilo, la ukoo linabaki mahali pake nyuma, na hakuna anayeona ajabu.

Yupo mmoja ambaye kwake mambo hayakuwa mepesi hivyo. Jacob Wainwright alikuwa Myao aliyetekwa utumwani utotoni, akakombolewa, akasomeshwa katika misheni ya Nasik, India. Huko alipewa jina la Kiingereza lenye maana ya fundi wa kuunda magari ya kukokotwa, na vitabu vinamjua kwa hilo. Livingstone alipofia kijijini kwa Chitambo mwaka 1873, Wainwright ndiye aliyejua kuandika. Watumishi wake Chuma na Susi na wenzao walipokuwa wanauandaa mwili kwa safari ya Bagamoyo, moyo wa marehemu ulizikwa chini ya mti wa mpundu. Fundi magari kutoka nchi ya Wayao akachukua kisu, akachonga kwenye shina jina la Kwa Leving.