JINA LILILOHAMA NA WENYEWE
Jinsi Mji wa Arusha Ulivyopata Jina Lake

Kila siku twaandika neno Arusha juu ya bahasha na juu ya madaftari yetu, lakini ni wachache kati yetu waliopata kujiuliza neno hili limetoka wapi. Wengi hudhani kwamba mji huu ulizaliwa na jina lake, kama vile mlima Meru ulivyozaliwa na mawe yake. Sivyo. Jina hili ni mgeni katika nchi hii. Lilikuja kwa miguu, vichwani mwa watu walioiacha nchi yao lakini hawakukubali kuliacha jina la nchi hiyo. Katika kurasa hizi nitajaribu kueleza jinsi jambo hilo lilivyotukia, na kwa nini latuhusu sisi tunaosoma hapa leo.

Kwanza yafaa tutazame jinsi mahali panavyopata majina, kwa kuwa njia ni nyingi. Njia moja ni maji. Wamasai, ambao mifugo yao haiwezi kuishi bila maji, wamezipa sehemu nyingi za nchi hii majina ya mito. Ngare Nanyuki, kaskazini ya mlima, maana yake ni maji mekundu. Ngarenaro, ambayo leo ni mtaa uliojaa nyumba na maduka, maana yake ni maji meusi. Njia ya pili ni kazi. Mtaa wa Unga Limited umepata jina lake kwa kampuni ya kusaga unga. Njia ya tatu ni vita. Kariakoo ya Dar es Salaam imeitwa hivyo kwa sababu ya wapagazi waliochukuliwa na jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya kwanza, nao kikosi chao kwa Kiingereza kiliitwa Carrier Corps. Watu wakalitamka jina hilo kwa namna iliyowawia nyepesi. Njia ya nne ndiyo ninayotaka kuieleza, yaani mahali kuitwa kwa jina la mahali pengine palipopendwa.

Njia hii ya nne haikutumiwa na Waafrika peke yao. Mwaka 1630 Waingereza waliohamia Marekani waliuita mji wao mpya Boston, kwa kuwa baadhi yao walitoka Boston ya Uingereza. Leo Boston ya Marekani ni mji mkubwa unaojulikana duniani kote, na Boston ya Uingereza ni mji mdogo ambao wageni huuliza uko upande gani. Jambo hilo hilo, kama tutakavyoona, ndilo lililoupata mji wetu.

Kusini ya Moshi, katika tambarare zilizo chini ya mlima Kilimanjaro, ipo nchi iitwayo Arusha Chini. Ni nchi ya joto, na mvua yake ni haba, lakini ina mito itokayo milimani. Wenyeji wa huko hapo kale walijua kuyaongoza maji hayo kwa mifereji mpaka mashambani, na kwa hiyo walipata chakula mahali ambapo pasipo mifereji pangekuwa nyika tupu. Misafara iliyotoka pwani ilipenda kupumzika huko na kununua chakula kabla ya kuendelea na safari. Leo sehemu kubwa ya nchi hiyo imepandwa miwa, na kiwanda cha sukari cha TPC kipo huko. Basi sukari tunayotia katika uji wetu wa asubuhi huenda ikawa imetoka katika nchi iliyotupa jina la mji wetu!

Yapata miaka ya 1830 baadhi ya watu wa Arusha Chini waliondoka, wakaelekea magharibi mpaka mlima Meru. Walikaa katika miteremko ya mlima huo upande wa kusini-magharibi, karibu na mahali ulipo mji wa leo. Upande wa kusini-mashariki waliwakuta Wameru wakiwa wamekwisha kukaa na kulima. Nchi waliyoifikia haikufanana hata kidogo na ile waliyoiacha. Kule kulikuwa tambarare na jua kali. Huku kulikuwa msitu, ukungu na baridi. Kule maji yalifuatwa kwa mifereji. Huku mvua ilinyesha yenyewe, na udongo ulikuwa mweusi wenye rutuba. Wakafyeka msitu, wakapanda ndizi, mahindi na maharage. Walisema lugha ya Kimasai, wakafuata marika kama Wamasai, tena walikuwa na urafiki na Wamasai wa Kisongo, ambao waliwapa mazao ya shamba nao wakapata mifugo.

Sasa huenda msomaji akauliza: watu waliohamia nchi mpya, nzuri kuliko ile ya zamani, kwa nini hawakutafuta jina jipya? Jibu nionavyo lina sehemu mbili.

Sehemu ya kwanza ni kwamba jina lilikuwa la watu kabla ya kuwa la mji. Wao wenyewe walijiita kwa jina walilotoka nalo, na kwa kinywa cha Kimasai huitwa Ilarusa. Mtu akihama aweza kuuza ng'ombe wake na kuacha nyumba yake, lakini hawezi kujisahau yeye ni nani. Katika siku za kwanza, walipokuwa wachache kati ya watu wageni, jina hilo ndilo lililowaunganisha. Lilikuwa kama ukuta wa nyumba ambayo haijajengwa bado.

Sehemu ya pili ni kwamba jina halidumu kwa kutakwa na mwenyewe peke yake. Wapasa wengine nao walitumie. Jirani na mfanya biashara hutaka kujua anakwenda kwa nani. Wafanya biashara wa pwani, ambao waliisema lugha yetu ya Kiswahili, walikuwa wakiifahamu Arusha ya tambarare. Walipoona kwamba sasa kuna Arusha nyingine mlimani, walitatua jambo hilo kwa urahisi: ile ya kwanza wakaiita Arusha Chini, na hii ya pili wakaiita Arusha Juu. Majina hayo si fumbo. Mji wa Arusha upo yapata mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na Arusha Chini ipo chini ya mita 1,000. Mtu aliyetoka huko kuja huku na mzigo kichwani alilijua jambo hilo kwa magoti yake bila ya kupimiwa na mtu.

Tukumbuke pia kwamba si wote waliokuja kuitwa Waarusha ambao wazee wao walitoka Arusha Chini. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 ugonjwa wa sotoka uliwaua ng'ombe wa Wamasai kwa wingi, kisha ndui na njaa vikafuata. Wamasai wengi waliofilisika walikimbilia mlimani kwa Waarusha, wakapewa ardhi na wake, wakajifunza kushika jembe. Hata Wameru na Wachaga waliotekwa vitani, hasa wanawake na watoto, waliingizwa katika koo za Waarusha. Watoto wao hawakuitwa wageni. Waliitwa Waarusha, yaani waliitwa kwa jina la nchi ambayo wao wala baba zao hawakuiona kwa macho. Mimi nadhani hii ndiyo sehemu ya ajabu kuliko zote katika habari hii: jina la nyumbani kwa wachache likawa nyumba ya wengi.

Baadaye walikuja Wadachi. Mwaka 1896 wamisionari wawili waliuawa huko Akeri, na Wadachi wakaleta vita vikali juu ya Wameru na Waarusha; watu wengi wakafa, nyumba zikachomwa na mifugo ikachukuliwa. Kisha, yapata mwaka 1900, ikajengwa boma kwa kazi ya lazima ya watu hao hao walioshindwa. Boma hilo bado limesimama katikati ya mji, na leo ndimo ilimo Makumbusho ya Elimu Viumbe. Maduka na nyumba zikajengwa kulizunguka, na hapo jina la watu likawa jina la mji. Waingereza waliuteka mji mwaka 1916, na mwishoni mwa miaka ya 1920 reli ikafika toka Moshi. Penye boma, soko na stesheni, jina huandikwa katika ramani na katika barua, na likisha kuandikwa ni vigumu kulifuta.

Pole pole neno "Juu" likaanguka. Arusha ya mlimani ilikuwa imekua kiasi ambacho mtu akisema "Arusha" hakuna aliyeuliza ni ipi. Lakini Arusha ya zamani haikuweza kuliacha neno "Chini", kwa kuwa ikiliacha watu watadhani inatajwa hii nyingine. Msomaji ataona jinsi mambo yalivyogeuka. Katika desturi zetu mwanamke akizaa huachwa kuitwa kwa jina lake, huitwa Mama Fulani, kwa jina la mtoto. Ndivyo ilivyompata Arusha Chini. Yeye ndiye mama, lakini leo hujulikana kwa kulinganishwa na mtoto wake.

Na mtoto mwenyewe amekwenda mbali. Mwaka 1967 viongozi wa TANU walikutana katika mji huu wakalipitisha Azimio la Arusha, likatangazwa tarehe 5 Februari. Hapa ndipo yalipotiwa sahihi mapatano ya amani ya Rwanda mwezi Agosti 1993, na yale ya Burundi mwezi Agosti 2000, nayo yote mawili huitwa kwa jina la Arusha. Hapa ndipo ilipokaa mahakama ya Umoja wa Mataifa iliyohukumu makosa ya mauaji ya Rwanda, mpaka ilipofungwa mwishoni mwa mwaka 2015. Makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yapo hapa. Watu wa Ulaya na Marekani ambao hawajui kulima mfereji wala kupanda mgomba hulitamka jina la kijiji cha mifereji bila ya kujua.

Wapo hata hivyo waliokuja hapa kutoka mbali sana na hawakuacha jina lao juu ya nchi. Kuanzia mwaka 1942 Wapolandi yapata 5,000, wengi wao wanawake na watoto waliofukuzwa makwao kwa vita, waliwekwa katika kambi ya Tengeru. Walijenga kanisa na shule, wakalima, na makaburi yao yapo mpaka leo. Lakini Tengeru imebaki Tengeru. Wao walikuwa wakingojea kuondoka, na miaka kumi baadaye wengi wao walikuwa wamekwisha kwenda nchi nyingine. Kwa hiyo twaweza kusema kwamba jina la nyumbani hushika mizizi pale tu mwenye nalo anapokubali kukaa, kulima na kulea watoto.

Nayaandika haya kwa sababu. Katika mabweni yetu husikika maneno kama "wewe si wa hapa" na "ninyi ni watu wa kuja." Mimi nilizaliwa katika mtaa wa Ngarenaro, lakini baba yangu alikuja toka Singida kutafuta kazi. Mtu akiniuliza "kwenu wapi?" najua anataka jibu gani, na nikijibu "Arusha" huniuliza tena, kana kwamba sikusikia swali. Nimekwisha kuambiwa kwa mzaha kwamba niende kwetu. Sasa nimelipata jibu. Jina lenyewe la mji huu ni la kuja. Likifukuzwa kila lililokuja, jina ndilo litakalotangulia kufunga mizigo.

Lakini jambo hili lina upande wa pili, na sitaki kuuficha. Kukaribishwa si sababu ya kusahau waliokaribisha. Sisi watoto wa mjini twajua majina ya wachezaji wa mpira wa Uingereza, lakini vijito tunavyovivuka kila siku hatujui vinaitwaje. Shamba likikatwa viwanja, jina la shamba hufa, na mahali pake huja jina la duka au la baa. Wazee wakiondoka, hakuna wa kuulizwa. Wahenga walisema, mwacha asili ni mtumwa. Nami naona asili ya mahali yatupasa kuitunza hata sisi ambao asili yetu ni pengine.

Basi nawaomba wasomaji jambo moja dogo. Likizo itakapofika, kila mmoja amtafute mzee mmoja wa mahali anapokaa, amwulize jina la kale la mto, kilima au mti mkubwa ulio karibu, na maana yake. Aliandike katika daftari, na akirudi shuleni amletee mhariri wa gazeti hili. Tukipata majina ya kutosha tutayachapa katika toleo lijalo, ili yasipotee. Waliotoka Arusha Chini walilichukua jina lao kwa kichwa tu, bila ya karatasi wala kalamu, nalo limedumu karibu miaka 200. Sisi tulio na kalamu hatuna udhuru.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne