Ukuta na Ziwa: Habari za Mwamba Mahali pa Bwawa

Neno bwawa lina mizigo miwili. Hutajwa kwa maji yaliyokusanywa, na vilevile kwa ukuta uyazuiao. Katika mazungumzo ya kila siku jambo hilo halina madhara. Lakini mtu aandikaye habari za mahali panapokusudiwa kujengwa bwawa hana budi kuyatenga mambo hayo, kwani kila moja lina hatari yake. Hapa nitasema ukuta kwa kitu kilichojengwa, na ziwa kwa maji yenyewe.

Kwa habari ya ukuta, linaloulizwa ni kama mwamba utauchukua mzigo, na kama maji hayatapata njia katika nyufa zake. Ukuta uliopindwa kama upinde hutaka uangalifu zaidi, maana huusukumiza uzito wa maji kwenye kingo mbili za korongo. Wa namna hiyo ulikuwa ukuta wa Malpasset, karibu na Fréjus kusini mwa Ufaransa, wenye kimo cha mita 66 hivi. Usiku wa tarehe 2 Desemba 1959 ulivunjika, wakafa watu zaidi ya 400. Kosa halikuwa katika zege. Mwamba wa ukingo wa kushoto, uitwao naisi, ulikuwa na nyufa nyingi. Maji yakapenya chini ya ukuta, yakakisukuma na kuking'oa kipande kikubwa cha mwamba kilichokuwa kimekatwa na ufa mkuu upande wa chini.

Ziwa ni shauri jingine, na aghalabu husahauliwa. Ukuta wa Vajont, kaskazini mwa Italia, wenye kimo cha mita 262 hivi, ungali umesimama hata leo. Kilichoanguka ni mlima. Mwanajiolojia Edoardo Semenza, mwana wa mhandisi Carlo Semenza aliyeusanifu ukuta huo, alikwisha kutambua kwamba ubavu wa Mlima Toc, juu ya ziwa, ulikuwa mporomoko wa kale. Mwezi wa Novemba 1960 sehemu ndogo iliporomoka, na ufa wa kilometa 2 hivi ukaonekana mlimani. Hata hivyo maji yaliendelea kupandishwa na kushushwa, kwa tumaini la kuutawala mwendo wa mlima! Kati ya matabaka ya mawe ya chokaa mlikuwa na tabaka nyembamba za udongo wa mfinyanzi, ambazo zikilowa hazishiki. Usiku wa tarehe 9 Oktoba 1963 mita za ujazo zipatazo milioni 270 ziliteremka kwa muda usiofika dakika moja. Wimbi likaruka ukuta, likaufuta mji wa Longarone. Walikufa watu wapatao 2,000.

Kuna na neno ufa. Nyufa za kawaida ni mwamba uliopasuka tu. Ufa mkuu, kama ule wa Malpasset, ni mahali ambapo pande mbili za mwamba zilikwisha kusogeana. Ripoti isemayo tu kwamba mwamba una ufa haimwambii mhandisi ni upi kati ya hiyo miwili.