Kifua kikuu: Kupimwa na kutibiwa ni haki yako

Je, umekuwa ukikohoa kwa wiki mbili au zaidi? Je, unatokwa na jasho jingi usiku, umepungua uzani na hamu ya chakula imekutoka? Usiendelee kununua dawa za kikohozi dukani. Nenda kwenye kituo cha afya ukapimwe kifua kikuu, au TB kama wengi wetu tunavyouita ugonjwa huu.

Kifua kikuu huletwa na viini vinavyoenea hewani mgonjwa anapokohoa, kupiga chafya au kuzungumza. Si laana wala si ugonjwa wa ukoo fulani.

Ukifika kituoni utaombwa utoe makohozi kutoka kifuani, wala si mate. Makohozi hayo hukaguliwa kwa darubini au kwa mashine iitwayo GeneXpert, ambayo hutoa majibu kwa muda wa saa mbili hivi. Mashine hiyo huonyesha pia kama viini vimekuwa sugu kwa rifampicin, mojawapo ya dawa kuu za ugonjwa huu.

Matibabu ya kawaida huchukua miezi sita. Mgonjwa hupewa dawa za aina nne kwa miezi miwili ya kwanza, kisha mbili kwa miezi minne inayofuata. Baada ya wiki chache nguvu humrudia, na hapo ndipo wengi hukosea wakaacha dawa. Viini vilivyosalia huweza kuwa sugu, na kuvitibu huwa kazi ngumu zaidi.

Katika hospitali za umma hapa nchini, dawa hizi hutolewa bila malipo. Hata hivyo, dawa kuwa ya bure si kusema kwamba mgonjwa hagharamiki. Kibarua hukosa ujira wa siku anapokwenda kliniki. Anahitaji nauli, na anahitaji chakula, kwani kumeza dawa hizi ukiwa na njaa ni taabu. Mtu kama huyo akikosa kufika, kumwita mkaidi ni kumwonea.

Mnamo 2010, wagonjwa wawili walihukumiwa kifungo cha miezi minane na kupelekwa katika gereza la Kapsabet kwa kuacha dawa. Walikaa humo siku 46 kabla ya Mahakama Kuu kuamuru waachiliwe. Mnamo Machi 24, 2016, Jaji Mumbi Ngugi aliamua kwamba kuwafunga wagonjwa gerezani ili watibiwe ni kinyume cha Katiba. Ikumbukwe kwamba viini hivi huenea kwa urahisi zaidi mahali penye msongamano wa watu na hewa haba, na magereza mengi yako hivyo. Isitoshe, aliyesikia kwamba wagonjwa hufungwa ataficha kikohozi chake.

Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya huduma za afya. Basi itumie haki hiyo. Ukidaiwa pesa za dawa za kifua kikuu katika hospitali ya umma, uliza sababu. Ukikosa nauli, mweleze muuguzi mapema, umwombe akuhamishie kituo kilicho karibu nawe. Wapeleke watoto wako nao wachunguzwe.

Na ikiwa mgonjwa ni jirani yako, usimtenge. Anayemeza dawa zake barabara atapona, na kupona kwake ni kinga yako pia.