Sarafu za Kale na Nishani za Askari: Namna ya Kuzitambua

Katika nyumba nyingi za Wagusii, tangu Sironga na Nyamira hata Kisii mjini, ziko sarafu na nishani ambazo wazee waliziweka katika mikebe na masanduku. Vitu hivi havinunui tena chumvi wala sukari, na kwa ajili hiyo watu wengine huvidharau. Huwapa watoto wavichezee, au humwuzia mpita njia wa kwanza atajaye bei. Wengine hukosea kwa upande wa pili. Hudhani kwamba kila sarafu ya zamani ni utajiri mkubwa, wakanaswa na matapeli wenye ahadi za mamilioni. Makosa yote mawili huleta hasara. Dawa yake ni moja: mwenye kitu ajue kukisoma kabla ya kumwonyesha mnunuzi.

Kwanza, soma maandishi. Sarafu yenye jina la Mombasa, picha ya mizani na mwaka 1888 ilitolewa na ile Kampuni ya Waingereza iliyoshika nchi hii kabla ya Serikali ya Uingereza kuishika yenyewe mwaka 1895. Rupia yake ni ya fedha, na ilifanywa ilingane na rupia ya India. Ndogo yake ilikuwa pesa ya shaba. Neno hilo lilitoka India, nasi twalitumia hata leo kwa fedha zote, na Wagusii husema chibesa. Baadaye zilifuata sarafu za senti zenye maneno “East Africa & Uganda Protectorates”. Mwaka 1920 ilitolewa florini, iliyodumu muda mfupi tu, kisha ikaja shilingi yenye picha ya simba mbele ya milima. Shilingi za kwanza za namna hiyo zina mwaka 1921.

Pili, tafuta herufi ndogo karibu na mwaka au chini ya picha. Herufi hizo huonyesha mahali sarafu ilipopigwa. H ni kiwanda cha Heaton, na KN ni kiwanda cha King's Norton, vyote viwili vya Birmingham, Uingereza. Wakati wa Vita Kuu ya Pili sarafu nyingine zetu zilipigwa Bombay, nazo zina herufi I. Na nyingine Pretoria, zenye herufi SA. Sarafu mbili za mwaka mmoja huweza kufanana kwa kila kitu ila herufi hiyo, na moja ikawa adimu kuliko mwenziwe.

Tatu, usichanganye ukale na uadimu. Sarafu huwa na thamani ikiwa zilizobaki ni chache na wanaozitaka ni wengi. Tazama riale ya fedha yenye sura ya Malkia Maria Theresa, iliyotumika sana pwani na Uhabeshi. Imeandikwa mwaka 1780, lakini ziliendelea kupigwa kwa mwaka huo huo muda mrefu baada ya malkia huyo kufa. Basi aliye nayo asidhani kwamba lazima ina umri wa miaka mia mbili na zaidi.

Mfano mwingine ni senti kumi ya mwaka 1936 yenye tundu katikati. Mwaka ule Uingereza ilikuwa na wafalme watatu: George V aliyekufa Januari, Edward VIII aliyekiacha kiti Desemba, na George VI aliyemfuata. Sarafu zenye sura ya Edward hazikupata kuenea Uingereza. Lakini senti tano na senti kumi zetu hazikuwa na sura ya mfalme, ila taji na jina lake tu. Kwa hiyo zilipigwa kwa wingi, zikaenea masokoni. Mtu akisikia kwamba sarafu za mfalme huyo ni adimu huko Ulaya, asidhani kwamba senti kumi yake itamnunulia shamba.

Kinyume chake ni sarafu ya dhahabu ya rupia 15 iliyopigwa Tabora mwaka 1916. Wakati huo Wadachi wa Tanganyika walikuwa wamezingirwa kwa vita, wasiweze kupata fedha kutoka kwao. Wakapiga sarafu zao katika karakana ya reli. Za dhahabu zilipata 16,000 hivi, zenye picha ya tembo na herufi T. Hizo hutafutwa sana, na kwa sababu hiyo watu wamezighushi. Mtu akikuuzia moja, ipime uzito: iliyo halali ina gramu 7 na kidogo. Chukua pia sumaku, kwa maana dhahabu, fedha na shaba havivutwi nayo. Walakini, sarafu kukataa sumaku si ushahidi wa kutosha, kwa kuwa shaba iliyopakwa rangi ya dhahabu pia haivutwi.

Sasa tuseme juu ya nishani. Vita Kuu ya Kwanza ilifika Kisii yenyewe, kwa maana mwezi wa Septemba 1914 askari wa King's African Rifles, yaani K.A.R., walipigana na Wadachi hapo. Askari wa vita ile walipewa nishani ya fedha yenye kichwa cha Mfalme George V upande mmoja, na mtu aliyepanda farasi upande wa pili. Igeuze ukatazame ukingo wake. Hapo pamechapwa namba ya askari, jina lake na kikosi chake. Pengine jina hilo limeandikwa vibaya kwa masikio ya karani mgeni, lakini huenda ndilo andiko pekee lililobaki la utumishi wa babu yako. Mnunuzi wa vyuma ataipima kwa gramu. Jamaa yako hawataweza kuipata tena.

Nyota za Vita Kuu ya Pili, kama ile ya Burma iliyopewa askari wetu waliopigana huko, zina pembe sita na rangi ya njano, nazo hazikuandikwa jina. Kwa hiyo ni lazima ziwekwe pamoja na barua, picha na hati ya kuachishwa kazi. Nyota iliyotengwa na karatasi zake haiwezi kusema ilikuwa ya nani. Nishani ya Afrika yenye kibao cha “Kenya” juu ya utepe ni ya miaka ya hatari, 1952 hadi 1956.

Yafaa kushika maonyo machache. Usisugue sarafu kwa mchanga, majivu wala dawa ya kung'arisha, kwa maana wakusanyaji huipenda rangi yake ya uzee, na iliyosuguliwa hushuka bei. Usiitoboe. Ishike kwa ukingo, uiweke pakavu katika karatasi safi. Kumbuka pia kwamba sheria ya Kenya ya makumbusho ya mwaka 2006 huhesabu kitu kilichofanywa au kuletwa nchini kabla ya mwaka 1895 kuwa ni cha kale, na hakiruhusiwi kutolewa nje bila kibali. Rupia ya Mombasa ya mwaka 1888 imo humo. Mwenye shaka aweza kuwauliza watu wa Makumbusho ya Kisumu au ya Nairobi.

Zaidi ya yote, nunua daftari. Andika kila kitu ulicho nacho, mwaka wake, herufi zake, nani alikuwa nacho na alikipataje, wakati wazee wangali hai wa kueleza. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.