Sikio Likichanika: Kipi Kinasubiri, Kipi Kinawahiwa

Mama wa Mlalo amebeba mtoto mgongoni. Mtoto anavuta hereni, na tundu lililokwisha kulegea kwa uzito linafika chini, ndewe inagawanyika. Kijana wa bodaboda anateleza kwenye kona za Soni, na sehemu ya juu ya sikio lake inabaki ikining'inia. Wote wawili wamechanika sikio, lakini tiba zao hazifanani, wala haraka yao si moja.

Ndewe ni ngozi na mafuta tu. Sehemu kubwa iliyobaki ya sikio la nje imeshikiliwa na gegedu, na gegedu halina mishipa yake ya damu. Hulishwa na utando mwembamba unaolifunika. Damu ikivilia kati ya utando na gegedu, au jeraha likiingia vijidudu, gegedu hufa na sikio hupona likiwa limejikunja, kama tunavyoona kwa baadhi ya mabondia.

Tuanze na ndewe. Mpasuko mpya na safi hushonwa siku hiyohiyo kwa ganzi ya sindano, na mgonjwa hurudi nyumbani. Ule wa zamani kingo zake zimeshaota ngozi, hivyo zikikutanishwa tu hazishikani. Lazima ngozi hiyo ikatwe kwanza. Daktari akishona kwa mstari ulionyooka kazi huwa nyepesi, ila kovu likikomaa hujivuta na laweza kuacha pengo dogo ukingoni. Kulikwepa, wengi hukata ngozi kwa umbo la herufi Z ili mvuto wa kovu ugawanyike.

Ndewe zilizotanuliwa kimila, kama za Wamaasai tunaokutana nao Mombo na Korogwe, nazo hurekebishika. Nyama ipo ya kutosha: kitanzi hukatwa, ziada huondolewa, kilichobaki hupangwa upya. Utaalamu huu ni mkongwe. Maandiko ya tabibu Sushruta wa India ya kale yanataja njia 15 za kuunga ndewe.

Nyuzi hutolewa baada ya wiki moja hivi. Atakaye kuvaa hereni tena asubiri miezi mitatu au zaidi, na asitoboe juu ya kovu. Aliyewahi kuota keloidi, yaani kovu linalovimba na kupita mipaka ya jeraha, amweleze daktari kabla ya kukatwa, kwa kuwa ndewe ni mahali keloidi hupapenda.

Kwa gegedu, kazi ya kwanza ni kuosha vizuri na kulifunika lote kwa ngozi. Mara nyingi kushona ngozi ya mbele na ya nyuma hutosha. Kisha sikio hufungwa kwa kubanwa kiasi ili damu isivilie. Kipande kinachoning'inia kwa kijingozi chembamba kisikatwe: ngozi ya sikio ina damu nyingi, na kipande hicho huweza kupona. Ukingo ukipotea kidogo, daktari huondoa kipande cha pembetatu na kukutanisha kingo. Ukipotea zaidi, husogeza ukingo uliobaki kwa njia waliyoieleza Antia na Buch mwaka 1967. Sikio likipotea karibu lote, huchongwa jipya kwa gegedu la ubavu, kwa awamu. Hiyo ni kazi ya bingwa wa upasuaji rekebishi, kwa rufaa.

Kabla ya kufika hospitali, bana jeraha kwa kitambaa safi. Usipake majivu wala unga wa kahawa. Kipande kilichokatika kabisa kifunge kwa kitambaa safi chenye unyevu, kitie kwenye mfuko wa plastiki, na mfuko huo uweke juu ya maji yenye barafu. Barafu isiguse nyama. Uliza sindano ya pepopunda. Ukiwa umeng'atwa na mbwa, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha ufuate chanjo ya kichaa cha mbwa bila kukawia.

Kwa mkazi wa Mtae au Mgwashi, hesabu ni hii: ndewe iliyopasuka zamani yaweza kungoja hadi viazi au kabichi ziuzwe. Jeraha lililofika kwenye gegedu lipelekwe siku hiyohiyo, Hospitali ya Wilaya Lushoto au Bumbuli, hata kama damu imekwisha kukauka.